Picha ya Mjukuu, Kimo cha Mlango

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 14 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo? Wifi naye hajambo? Na huyo binti yenu aliyeng'oka jino, anaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Cherehani yangu inalia kama kawaida na Mama anagombana na redio. Ni Baba tu, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu, kwani nikipiga anasikia kila neno.

Jicho la kulia limeshazima. La kushoto linaona kitu kikiwa karibu na pua tu, na daktari anasema mwaka ukiisha nalo litakuwa limezima. Baba hakulalamika. Alisema tu anataka kumwona "mke wake" kabla giza halijaingia. Basi nikaipeleka ile picha ya mtoto uliyonitumia kwenye simu ichapishwe kimo cha mlango.

Fundi wa picha alijikuna kichwa. Alisema simu iliibana picha wakati wa kutumwa, ikabaki ndogo mno; kuikuza hivyo ni kama kuvuta leso itoshe kitanda. Nikamng'ang'ania. Ikatoka vigae vigae, miraba mitupu kama sakafu. "Itazameni kwa mbali, itatulia," akasema. Kwa mbali! Baba aliisogelea mpaka pua ikagusa karatasi, akairudia hivyo siku mbili. Kumbe roho juu. Siku ya tatu akaniita pembeni: "Mama, huyu mtoto ana upele, mbona mnanificha?" Nilicheka mpaka machozi, naye akanuna.

Fundi akajaribu tena, kwa kompyuta inayojaza yenyewe kisichoonekana. Safari hii ngozi laini, meno yote yamejipanga, pua nyembamba. Baba akaikagua juu hadi chini.

"Mzuri," akasema, "ila ni wa kwa nani?"

Ile pua yetu bapa imepotea kabisa!

Sasa nakuomba, kaka. Usiitume tena kama picha za kawaida. Itume kama faili, nzima, jinsi ilivyotoka kwenye kamera. Kama umeshaifuta, mpige picha nyingine mchana, karibu na dirisha, uso ujae, na simu uiegemeze mahali isitikisike. Usiipambe. Pengo liache, na pua yetu usiiguse.

Mama anakusalimu sana, shangazi pia, na huyo fundi, ambaye sasa ni kama ndugu.

Ile ya vigae Baba amekataa niibandue ukutani. Kila asubuhi anasimama mbele yake, anaweka kidole na kuuliza hapa ni wapi, nami namwambia shavu, sikio, kidevu. Jana akauliza, "Hili ndilo jicho?" Nikasema ndiyo. Akasogeza uso, akalitazama mpaka chai yake ikapoa.

Kaka, kilikuwa kifungo cha gauni. Sikuweza kumwambia.

Mungu awatunze nyote, na amwachie Baba jicho hilo moja mpaka picha ifike.

Mdogo wako akupendaye,
Mshonaji