Vyuma Ulivyopiga Mlimani

Kaka Elinami,

Sijui barua ya mtu aliyezikwa hupelekwa wapi. Naandika hivyo hivyo, nimekaa juu ya kreti la samaki nje ya mtambo wa barafu hapa Wesha, Pemba. Mwandiko wangu unaujua, na shule niliiachia darasa la sita. Nivumilie.

Siku waliyonipigia simu kwamba kile kifua kimekuondoa, nilikuwa na pande la barafu begani. Hata ningeondoka saa ile ningekuta umeshazikwa. Nikaendelea kubeba. Uso ulinilowa, na kwa kazi hii hakuna anayeuliza kwa nini mtu amelowa.

Binti yako Neema amejifungua mtoto wa kiume, wamempa jina lako. Mimi goti bado linanisumbua, lile lililonishusha mlimani. Watu wa hapa ni wema. Wananiita Mchaga tu. Mwezi wa Ramadhani Bi Maryamu, jirani yangu, alinigawia futari kila jioni, na anajua mimi ni Mlutheri. Khatib, ninayebeba naye, ndiye mwenye maneno: "Huyu kaacha barafu ya Mungu ya bure, kaja kubeba ya umeme!"

Lakini siandiki kwa ajili ya hayo. Naandika kwa sababu ya vile vyuma.

Unakumbuka wale wataalamu wa barafu tuliowabebea mizigo mpaka kule juu. Walitaka vyuma vipigwe mstari mmoja kwenye ardhi iliyoganda, kuanzia mwamba wenye rangi nyekundu mpaka kwenye ukuta wa barafu. Wewe ulipiga nyundo, mimi nilishika ncha ya pili ya kamba. Vidole vilikuwa havina habari, lakini ulinifanya niivute mara tatu. "Vuta, Amini. Vuta kama unamfunga ng'ombe wa jirani." Ikanyooka.

Msimu uliofuata tukakuta vyuma vitatu vya karibu na barafu vimetoka kwenye mstari, upana wa vidole vinne, vyote upande wa bondeni. Msimamizi akasema ulivipiga ovyo ili uwahi kushuka. Ukamjibu kwa upole, "Kamba ilikuwa imenyooka. Muulize Amini, yeye ndiye aliyeishika."

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Sikumbuki."

Nilikumbuka, kaka. Niliogopa nisipewe kazi msimu ule. Wewe wakakushusha siku ile ile, nami nikapewa nyundo yako. Ulinipa mwenyewe, mkononi, ukanikumbusha nisisahau glovu. Hukuniambia neno jingine, na hilo la glovu ndilo linaloniuma.

Baadaye nikajitafutia pa kujificha. Mtaalamu alikuwa ametueleza kwamba barafu ile ni baridi mno, haina maji chini ya kuitelezesha. Imegandana na ardhi, na ikisogea inajipinda yenyewe kwa ndani, polepole, kama uji mzito. Ardhi ya chini imetulia, ngumu kama saruji. Basi nikajiambia: chuma kilichopigwa kwenye saruji hakitembei. Labda kweli kamba ililegea. Labda Elinami alikosea. Nimeishi na hiyo "labda" miaka yote hii, hata nilipoambiwa kijijini wanakutania kwa vyuma vya kupinda.

Na wewe ulishauliza, pale hemani, tukinywa chai: "Kama barafu na ardhi vimeshikana kiasi hicho, kimoja kikienda, mwenzake anabakije?" Wakacheka, wakakuita profesa. Na mimi nilicheka.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita umeme ulikatika siku mbili. Sakafu ya chumba cha baridi huwa tunaimwagia mchanga wa pwani tusiteleze, na mimi ndiye ninayeusawazisha kwa fagio, mistari imenyooka kutoka ukuta hadi ukuta. Barafu ikatoa maji, mchanga ukayanywa. Umeme uliporudi vyote vikagandana. Wavuvi wako mlangoni wanataka barafu, na kuna pande moja kubwa halitoki. Tukaingiza mtaimbo kwa nyuma, mimi na Khatib, tukalala juu yake kwa uzito wetu wote.

Likaenda. Lakini halikuachana na mchanga, kaka. Liliondoka nao! Tabaka zima la mchanga, nene kama kiganja, lilisogea likiwa limeng'ang'ania barafu, na vipande vya magamba ya chaza ndani yake vimesimama vile vile vilivyokuwa. Kilichoachia ni chini zaidi, kwenye saruji. Hata mchanga wa pembeni, ambao haukuwa na barafu juu yake, ulivutwa. Mistari ya fagio langu ilikuwa imenyooka ukutani, na karibu na barafu imepinda kuelekea kule tulikosukumia.

Khatib akasema, "Lahaula! Limehama na kiwanja chake."

Mimi nikachuchumaa pale pale. Sisi tulitumia mtaimbo, mara moja. Ile ya mlimani inasukumwa na uzito wake, mwaka mzima, bila haraka; basi iliivuta na ardhi yenye vyuma vyako. Sijasoma, na wataalamu wakinicheka wana haki yao. Lakini mistari ile niliichora kwa mkono wangu, na haikuwa na kosa.

"Wafanyani hapo, Mchaga?" Khatib akaniita. "Waililia barafu?"

Nikamwambia baridi imeniingia machoni. Aliniangalia, akalisukuma lile pande peke yake mpaka mlangoni, asiniulize tena.

Kaka, mchanga ule haukunifundisha kwamba ulisema kweli. Nilijua tangu siku ile. Umeniondolea tu mahali pa kujificha.

Kwetu mtu akikosa huenda na jani la isale, na aliyekosewa akiliona, kwa mila hawezi kukataa kusamehe. Nimechelewa, hutalipokea kwa mkono wako. Hapa mmea unaofanana nalo umeota uani kwa Bi Maryamu, kwao ni pambo. Sitachuma huo. Nimeshaomba ruhusa kwa mwezi ujao. Nitachuma jani kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba la nyumbani, nilipeleke kwa mkeo, mama Neema, mbele ya ndugu zako na wale waliokutania, na huyo mdogo mwenye jina lako awepo mapajani. Hata akilikataa, mila au si mila, atakuwa na haki. Sitatetemeka, na kama nitatetemeka nitasema hivyo hivyo.

Pumzika sasa, kaka yangu. Safari hii wakiniuliza nitajibu: niliishika mimi, na ilikuwa imenyooka.

Wako,
Aminieli