Picha ya Mzee Elkanah

Liz, soma hii ukiwa peke yako. Nimeharibu!

Si unajua nimetundika shuka sebuleni, nikajiita studio? Leo mzee Elkanah, yule mgonjwa wa Kendu Bay, akaletwa na familia yake yote. Wamemvika suti. Wanawe wawili wamemshikilia akae wima.

Akaniambia, "Nyathina, mwanangu, piga vizuri. Hii ndiyo wataweka juu ya jeneza langu."

Nikacheka. Liz, nilicheka!

Walipotoka ndio nikafungua kamera. Hakuna filamu. Hakuna! Iko mezani, ndani ya kopo lake.

Nikawakimbilia niwarudishe. Nikawapata barabarani. Mzee, hata kupumua ni shida, akanishika mkono. "Nimetokea vizuri?"

Nikamwambia, "Vizuri sana, baba."