Nilimjazia Binti Yangu Fomu ya Wahitimu

Dada Evodia, mshauri wetu,

Assalam aleikum, na kama wewe ni wa kanisani basi Bwana asifiwe, pokea zote mbili. Huku nyumbani sote hatujambo. Baba Fahadi mume wangu hajambo, ila mgongo unamsumbua tangu shirika lao lilipouzwa akapunguzwa kazini, sasa anakaa kwenye kiduka chetu cha sabuni na mafuta ya taa. Mama mkwe wangu Bi Stara hajambo, ila macho yamepungua, masikio ndiyo yanasikia hata yasiyomhusu. Mwanangu wa kwanza Fahadi hajambo, yuko Kibaigwa anafanya udalali wa mahindi, ila haji nyumbani mpaka aitwe. Kitinda mimba wangu Lulu hajambo, yuko darasa la tano, ila hesabu hazipandi, anakuamkia shikamoo. Binti yangu Yusra naye hajambo, na huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Naomba msaada wako dada yangu, nimefanya jambo kwa mapenzi na sasa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mwandiko wangu uuvumilie, shule niliishia la nne, mengine niliyapata kwenye kisomo cha watu wazima, nauza kashata za karanga hapa stendi Mpwapwa. Yusra ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu, alisomea mifugo, na siku alipomaliza nilipika pilau mtaa mzima ukala, tukakaa kusubiri barua ya serikali ya kumpangia kazi kama walivyokuwa wakipangiwa wasomi zamani, tukasubiri mpaka tukaambiwa mambo hayo yamekwisha, siku hizi kila mtu ajitafutie, na huu ni mwaka wa pili. Bure hakai lakini, kila Jumatano yuko mnadani anaandika vibali vya ng'ombe kwa kibarua, ana meza yake chini ya bati, wafugaji wanapanga foleni, na wapo wazee hawanunui ng'ombe mpaka Yusra amfungue mdomo amtazame meno.

Sasa chuo chao kina chama cha waliomaliza, na kila mwaka mvua zikikaribia kukatika wanatoa jarida lenye habari zao, nani kaolewa, nani kapata kazi wapi, nani kafiwa, na mkutano wao utakuwa lini. Mwezi wa kwanza ikaja fomu kwenye sanduku la posta la Mwalimu Batholomeo, mwalimu mstaafu jirani yetu, sanduku lake ndilo la mtaa mzima. Yusra alikuwa Chemba kwa shangazi yake aliyejifungua, fomu inatakiwa irudi ndani ya juma moja, na imeandikwa Kiingereza, nikamwomba mwalimu tuijaze.

"Wanauliza habari zake," mwalimu akasema.

"Waambie njema."

"Mama Fahadi, njema haina mahali pa kukaa hapa. Wanataka kazi gani, cheo gani, yuko wapi."

Dada, mtu akikuuliza habari za mwanao unamwambia nini. Nikaifikiria ile meza na ile foleni, nikamwambia, "Andika afisa mifugo, ana ofisi, na watu wanamngojea nje."

Mwalimu akanitazama juu ya miwani. "Ofisi."

"Ina bati," nikasema.

Akaandika. Chini kulikuwa na visanduku viwili, wanauliza kama anahitaji kusaidiwa kupata kazi, ndiyo au hapana. Nikamwambia weka hapana. Sisi tumelelewa hivyo dada, ukikaribishwa chakula unaanza kusema nimeshiba, mwenyeji anakubembeleza, ndipo unanawa. Nilidhani watauliza tena. Yusra aliporudi sikumwambia, nikaona ni jambo dogo limeshapita.

Juma lililopita jarida limekuja. Mwalimu kaja nalo mwenyewe mpaka stendi, kanifungulia ukurasa wa waliofanikiwa, na jina la mwanangu lipo, Yusra Rehani, Afisa Mifugo Mwandamizi, Dodoma. Hilo la mwandamizi sijui nani kaliongeza, mwalimu anaapa si yeye. Akaniambia, "Mama Fahadi, umemwajiri mtoto, umempandisha cheo na umemhamishia makao makuu kwa siku moja. Hata serikali haijawahi kuwa na kasi hiyo." Nikacheka, maana sikuwa nimejua yaliyo ukurasa wa nyuma.

Ukurasa wa nyuma unasema mkutano ni Dodoma, Jumamosi tarehe 25 Aprili. Wasio na kazi watume majina kabla ya tarehe 17, siku hiyo watafundishwa kuandika wasifu na kujibu maswali ya usaili, na watakutanishwa na waajiri, na mmojawapo ni mtu aitwaye Eliakimu, aliyesoma mbele yao, ana kiwanda kipya cha maziwa na anatafuta waliosomea mifugo, sita. Sita dada. Na ndani ya jarida kulikuwa na barua ya Yusra peke yake, kwamba kwa kuwa yeye ameshafanikiwa anaombwa akae meza ya wasaidizi, na ikiwezekana aje na nafasi mbili za kazi kwa ajili ya wenzake.

Nikasema nitamtuma mtu kwa Fahadi atutafutie nafasi mbili Kibaigwa, lakini huko kazi ni kupakia magunia.

Kisha juzi ikaja barua nyingine, ya Generosa, aliyelala naye chumba kimoja chuoni. Niliifungua, nakuambia ukweli, niliifungua. Anasema, "Yusra mwenzangu, nimekuona kwenye jarida nimefurahi mpaka nimelia, mimi bado nipo nyumbani, hata kama ni kazi ya kupika chai ofisini kwako nichukue, sitakuaibisha." Nimeisoma mara nne. Nimeiweka pamoja na jarida ndani ya kasha langu, chini ya khanga, vimenukia udi sasa. Bi Stara kaniuliza, "Kasha lako siku hizi linalia karatasi, una nini humo?" Na Yusra kila jioni ananiuliza, "Mama, jarida letu mwaka huu halijafika kwa mwalimu?" Namwambia, labda posta wanachelewa. Ananiamini. Ananisaidia kukata kashata huku anasema kama mwaka huu kuna mkutano atakwenda kwa mguu.

Sasa nifanye nini. Nilichome jarida niseme halikuja, au nimwazimie suti ya kitenge aende akakae meza ya wasaidizi kama lilivyoandikwa, akifika huko ataonekana ana akili watampa kazi tu. Au nimwambie. Nikimwambia naogopa atanitazama vibaya, na huyu mtoto hajawahi kunitazama vibaya tangu nimzae. Baba yake naye hajui.

Gazeti lako mwalimu akishalisoma hunipa mimi, nami humpa Yusra, anaupenda ukurasa wako, kwa hiyo majina tafadhali yabadilishe. Idd imekaribia na siku zinakwenda, nijibu haraka dada yangu, hata kwa maneno machache.

Ni mimi, Mama Fahadi, Mpwapwa.

BI EVODIA ANAJIBU

Mama Fahadi, salamu zote mbili nimezipokea, na Lulu mwambie marahaba.

Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba. Lakini msichana aliyesoma mpaka chuo kikuu akikuta kashata, mnada na fomu ya wahitimu katika barua moja kutoka Mpwapwa, unadhani atahitaji kuambiwa ni ya nani? Gazeti hili linapita mikononi mwako kabla ya kufika kwake. Basi muda ulio nao ndio huo. Usilikunje ukalitia kwenye kasha pamoja na mengine, kasha limeshajaa.

Mambo mawili nitakugombeza, kisha niache. La kwanza, kufungua barua ya Generosa. Mtu alikuwa anamlilia rafiki yake, wewe ukamsikiliza mlangoni na kumwacha bila jibu. Anahesabu siku huko, anadhani Yusra amepata cheo akamsahau. La pili ni kile kisanduku. Nimeshiba ya mezani ni adabu njema na mimi mwenyewe huisema, kwa sababu mwenyeji yupo, ananiona midomo imekauka. Fomu haina macho mama, na haibembelezi. Ukiiambia umeshiba, inaondoa sahani na kumpelekea mwingine. Zamani kazi ilimfuata msomi nyumbani kwa barua, mzazi akipewa pole na hongera kwa pamoja. Siku hizi inakwenda kwa aliyesikika akisema anaitaka. Mwanao hajasikika. Wewe umemsemea kuwa hataki.

Suti ya kitenge iache kwa mwenyewe. Ukimketisha meza ya wasaidizi, atakaa akiwatazama sita wanachaguliwa mbele ya macho yake, na yeye anatabasamu kama afisa. Hilo ndilo unalomtakia? Na ukilichoma jarida, majarida mengine mia kadhaa yatabaki na jina lake.

Sikiliza sasa. Leo hii fungua kasha, toa vyote, jarida, mwaliko na barua ya Generosa, mpe mkononi yeye mwenyewe. Usimtume mwalimu, na Bi Stara asitangulie kusema. Mwambie kwa maneno mafupi ulilofanya na kwa nini, umwombe radhi, kisha unyamaze. Usilie, maana ukilia itabidi yeye akubembeleze wewe, na leo si zamu yako. Akikutazama vibaya, vumilia. Ni haki yake, na mtoto anayekata kashata na mama yake kila jioni hawezi kuutunza uso huo mpaka Idd.

Barua ya kusahihisha aiandike yeye, si wewe na si mwalimu. Wewe umeshaandika vya kutosha. Aeleze kwamba fomu ilijazwa na mzazi wake yeye akiwa hayupo, basi, asikuchongee zaidi ya hapo, na aombe jina lake lihamishwe kwa wanaotafuta kazi. Nawe mpe nauli apande basi aipeleke Dodoma kwa mkono, ifike kabla ya tarehe 17. Generosa aandikiwe siku hiyo hiyo, waende mkutanoni pamoja.

Na katika huo wasifu watakaofundishwa kuandika, asisahau ile meza ya mnadani. Hapo ndipo uliponishangaza mama. Ulitafuta uongo wa kumpamba ilhali ukweli ulikuwa umekaa chini ya bati kila Jumatano. Huyo mwenye kiwanda anataka watu waliosomea mifugo, watakwenda wengi wenye vyeti kama vyake. Ni wangapi kati yao ambao wafugaji wenyewe wanawasubiri kwenye foleni wawatazamie meno ya ng'ombe? Mwambie aandike hivyo hivyo, bila neno mwandamizi.

Jambo moja la mwisho. Nimesoma salamu zako mara mbili. Baba Fahadi hajambo, ila mgongo. Bi Stara hajambo, ila macho. Fahadi haji mpaka aitwe, Lulu hesabu hazipandi. Kila mtu wa nyumba yako ulimpa ila yake, na hakuna niliyemdharau kwa ila hiyo, nimewapenda wote. Yusra peke yake ulimnyima. Kwangu hapa umeandika hajambo ukaishia hapo, na kule chuoni ukafanya vivyo hivyo. Mrudishie mwanao ila yake. Hajambo, ila anatafuta kazi. Hakuna aibu humo, na ndiyo sentensi pekee itakayomfikisha kwa mwenye kiwanda.

Nasi tuletee habari upesi, na zisiwe njema tupu.