Paa Ambalo Siwezi Kulipanda

Omera Ochieng', ndugu yangu,

Ulipokuwa hai hukuwa ukisoma meseji zangu, kwa hivyo sijui ni akili gani imenituma nikuandikie barua nzima sasa. Nyambura amenikuta hapa mezani na kalamu, akauliza naandikia nani. Nikamwambia Ochieng'. Hakucheka. Ameniwekea chai akaenda kukaa upande ule mwingine wa nyumba, na unamjua mke wangu, si mtu wa kuacha nafasi ya kunicheka ipite hivi hivi.

Nataka kukuambia habari za paa lako.

Unakumbuka chumba cha cherehani, pale ulipotoa mabati ukaweka ya plastiki ili Mama Apiyo apate mwanga wa kutunga uzi kwenye sindano? Ulijivunia chumba hicho kuliko jumba lolote tulilowahi kuezeka. Lakini ile plastiki ilikuwa mabaki ya mjengo mmoja, na bati lililo karibu nayo lilikuwa mabaki ya mjengo mwingine, na mawimbi yao hayakulingana. Pale yalipokutana palibaki mdomo wazi. Ukaujaza silikoni, ukashuka, ukaniambia, "Kamaa, hapo nitarudi." Kila mvua ulikuwa unarudi hapo kwa mdomo tu. Sikulaumu. Mlango wa choo changu unafungwa kwa kamba, na mimi najiita fundi.

Sasa ile silikoni imebanduka. Tangu tukuzike kule kwenu Ugenya, maji yanaingia, yanateremka na ukuta, yanafika kwenye meza ambapo mkeo hupanga sare za shule. Ndugu yako Odhiambo alikuja kumjulia hali, akapitisha mkono ukutani, ukatoka umelowa. Akakaa chini akashika kichwa. Akasema, "Shemeji, nyumba inayovuja namna hii huwezi kukaa peke yako ugenini. Mvua hizi zikiisha na paa bado halijazibwa, tutafunga hapa, urudi nyumbani."

Ugenini! Mama Apiyo aliyezalia watoto wote hapa Langas, Eldoret! Lakini Odhiambo si mtu mbaya, na wewe unajua. Aliona maji, akaogopa kwa niaba yako.

Mkeo hataki kwenda. Wateja wake wako hapa, kanisa lake liko hapa, Apiyo anasoma hapo chuoni Chepkoilel na huja kula Jumapili. Na kuna jambo hakumwambia Odhiambo, aliniambia mimi akiwa anakata kitambaa, bila kuinua macho: "Kule nyumbani mimi ni mjane wa Ochieng'. Hapa mimi ni fundi wa nguo."

Basi mimi, mwerevu wa kijiji, nikabeba ngazi.

Nilikuja asubuhi kukiwa na jua zuri, na mfuko wa vifaa, na moyo umejaa. Nilijisemea, hii kazi ni ya rafiki yangu, naimaliza kabla ya chai. Nikaegemeza ngazi ukutani, nikaweka mguu. Mama Apiyo akatoka ndani na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akapiga kelele hadi jirani akatoka na mwiko: "Baba Wambui! Shuka! Toa huo mguu!"

Nilidhani kuna nyoka.

Omera, miaka yote ile hukunifundisha. Mimi mtu wa Nyeri ningejuaje kwamba kwenu mwanamume akipanda paa la mjane akalitengeneza, amesema bila kufungua mdomo kwamba yeye ndiye mwenye nyumba sasa, amemrithi mjane? Ndipo nikakumbuka ile kazi ya yule mama wa kwenu aliyefiwa na mume, ile uliyoikataa ukasema mgongo unauma. Nilikununulia dawa ya kupaka! Nikakupaka mwenyewe! Kumbe mgongo haukuwa na shida yoyote. Ungeniambia tu, bwana. Ningecheka, lakini ningejua.

Habari zilifika nyumbani kwangu kabla sijafika mimi. Nyambura alinipokea mlangoni mikono kiunoni. "Nasikia umerithi. Mwambie Mama Apiyo nampa pole sana, na akikuchoka asikurudishe." Nilicheka. Halafu nikaona yeye anacheka na huku macho yamejaa, kwa sababu sote wawili tulikuwa tumefikiria kwamba wewe ungeifurahia hiyo hadithi kuliko mtu yeyote, na ungeniita "jarithi" mbele ya mafundi wote mpaka nistaafu.

Nilimuuliza mkeo kama kweli anaogopa mambo hayo, mtu aliyeokoka. Akasema, "Mimi siogopi. Lakini nikikuacha upande, siku mtoto wa Ochieng' akikohoa tu, watasema ni laana ya ile siku. Na nitabaki nikijiuliza. Siwezi kuishi nikijiuliza." Nikamwambia basi Odhiambo apande, ni damu moja. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa ameze msumari. "Odhiambo akipanda ndiyo mbaya zaidi. Yeye ndiye wanayemtarajia. Baba Wambui, mimi sitaki mwenye nyumba. Nataka paa."

Kusema kweli Odhiambo mwenyewe alikuwa ameikwepa hiyo ngazi kama deni. Ana mke kule nyumbani, na mke wake ana mdomo. Nikatafuta fundi mwingine, yule Mluhya mrefu tuliyefanya naye kazi ya kanisa. Akakubali haraka, halafu akauliza ni nyumba ya nani. Nilipotaja jina lako akakumbuka kwamba ana kazi Timboroa. Nina hakika hata yeye hajui ni kazi gani.

Na mvua haikungoja tukubaliane. Nilikuwa Elgon View nikiezeka banda la magari kwa plastiki mpya, kila kiungo nimekiziba kama chupa. Mchana mawingu yakaja meusi yakamwaga. Nilisimama chini ya lile banda pamoja na magari, yote makavu, hata tone moja halikuanguka, na roho ikaniuma vibaya. Kazi yangu imekinga magari ya watu. Meza ya mke wa rafiki yangu inaogelea.

Siku hiyo ndiyo Mama Apiyo alifanya lile alilolifanya. Alikuta kopo la lami uliloacha stoo, akapanda juu ya meza yake, akapaka kile kiungo kutoka ndani. Alikuona ukipaka lami mabati maisha yako yote, angejuaje kwamba plastiki haipatani na lami? Nilipofika ilikuwa imelainika, imekunjamana, kisha ikapasuka pembeni. Na hata kama ingeshika, kuziba kutoka ndani ni kumwambia mgeni asiingie akiwa ameshakaa kitini. Nilimwambia hivyo. Niliona mdomo wake unatetemeka, nikajuta mdomo wangu. Akaketi kwenye stuli na mikono yake myeusi ya lami imefunguka mapajani, asiweze hata kujifuta machozi. Nikamfuta kwa leso yangu. Haikuwa safi sana, nakuambia ukweli.

Halafu akasema polepole, kama mtu anayesoma kitu kutoka mbali: "Walisema mwanamume asipande."

Nikasema ndiyo.

"Mimi ni mwanamume?"

Jumamosi iliyofuata alivaa ovaroli yako. Alikuwa ameipunguza kwa cherehani, kiuno kimekaa sawasawa, kuliko kilivyowahi kukaa kwako. Odhiambo alikuwepo. Alipoona hayo alifungua mdomo, akaufunga, akafungua tena. Mwanamke juu ya paa pia si jambo la kupendeza machoni pake, lakini alitafuta ndani ya kichwa chake chote neno la kulikataza, hakulipata. Mwishowe akavuta kiti uani, akakaa akitazama miguu yangu. Miguu yangu, Ochieng'! Kama refa anayengoja mpira uvuke mstari.

Niliongoza kazi yako nikiwa chini, nikipiga kelele kama mtu anayeuza viazi. Nilimpokeza ubao kwanza autandaze juu ya mbao za paa, asikanyage plastiki. Nikamwambia atoe ile iliyopasuka, na bati lile bovu lililopakana nayo. Nilikuwa nimeleta plastiki mpya na bati jipya, mawimbi yao ni ndugu. Futa vumbi. Kausha. Kipande cha juu kilalie cha chini, mawimbi mawili, na mdomo wa kiungo uipe kisogo mvua inayotoka Timboroa.

"Kumbe ni pindo," akasema kutoka juu.

"Ni nini?"

"Pindo! Kama la sketi. Mbona husemi kitu kinachoeleweka?"

Basi kuanzia hapo nikazungumza kishonaji, lugha ambayo siijui. Silikoni ipite juu ya mgongo wa wimbi, mstari mmoja bila kukatika. "Kama uzi." Eeh, kama uzi. Tundu la skrubu liwe pana kuliko skrubu yenyewe, kwa sababu plastiki hutanuka na jua la mchana na kujikunja na baridi ya hapa kwetu. Skrubu ikae mgongoni, si kwenye mfereji ambako maji hupita. Usikaze sana. "Ukivuta uzi sana kitambaa hukunjamana," akanijibu kabla sijamaliza. Mimi kila plastiki niliyopasua maishani mwangu niliipasua kwa kukaza sana. Unazijua zote. Ulizihesabu kwa sauti.

Halafu ubao ukateleza.

Alikuwa akisogea upande wa ukingo. Niliona mguu wake mmoja umekanyaga ile plastiki mpya, nikasikia inalia, nikaona mwili wake wote umeelekea kule kusiko na kitu. Mikono yangu ilikuwa tayari kwenye ngazi. Mguu ulikuwa umeshainuka. Na yeye, huku anayumba, ananing'inia kwa mkono mmoja kwenye mbao, hakuita Mungu, hakumwita Odhiambo. Alinipigia kelele mimi: "Miguu chini, Baba Wambui! Chini!"

Nikaushusha.

Omera, nimebeba mbao nzito, nimebeba jeneza lako, na sijawahi kufanya jambo gumu kama kusimama pale. Nilisimama nimekumbatia hewa chini yake, nikijiambia akianguka nitamdaka, nikijua kwamba kwa hili tumbo na haya magoti sitadaka hata kuku. Odhiambo alikuwa amesimama pia. Alikuwa ameacha kutazama miguu yangu. Alikuwa analia waziwazi, anasema jina la shemeji yake, Akinyi, Akinyi, jina ambalo sikuwahi kumsikia akilitaja. Nilielewa hapo kwamba yule mtu hakutaka kumfungia nyumba. Alitaka tu asizike tena.

Akinyi alivuta pumzi, akarudisha mguu kwenye ubao, akalala kifudifudi kidogo. Kisha akaomba skrubu.

Mvua ilikuja siku chache baadaye, ile ya mchana yenye mawe madogo. Tuliingia chumba cha cherehani sote watatu, na Nyambura, ambaye alisema amekuja kuhakikisha sijahamia. Kelele juu ya plastiki zilikuwa nyingi hata hatukuweza kuzungumza. Tukatazama pale kwenye kiungo kama watu wanaotazama mgonjwa anapumua. Odhiambo akapitisha mkono ukutani, juu, chini, akarudia. Akatazama kiganja chake. Akakifuta kwenye suruali ingawa hakikuwa na kitu. Kisha akainama kwenye sikio la Akinyi, akasema kwa nguvu ili kelele zisimshinde, nami nikasikia: "Basi kaa."

Alisema pia kwamba atakuja tena mvua zijazo kuushika ukuta. Akinyi akamwambia aje na kuku.

Sitakudanganya kwamba yote yametulia. Watu wa kwenu bado wanauliza ni nani aliyeshika ngazi, na kama kupokeza bati ni kupanda ama si kupanda. Mkeo anasikia. Siku nyingine nampata amekaa mbele ya cherehani bila kushona, mwanga wako umemjaa mapajani, na huwa nasema hodi mara moja tu halafu naondoka. Mimi nami nafanya kazi peke yangu. Watu wananiambia nitafute mwenzangu. Nasema ndiyo. Silali vizuri kukiwa na mawingu.

Lakini nakuahidi hivi, na uniamini, ingawa plastiki zangu hukuziamini. Kila mwaka kabla ya mvua nitakuja uani kwako na silikoni mpya, nitasimama chini na kupiga kelele mpaka kila kiungo kizibwe, na miguu yangu haitaondoka ardhini hata akiteleza tena, hata moyo ukinipasuka. Hivyo ndivyo anavyotaka yeye, na nimekubali. Siku Akinyi akiondoka Eldoret, aondoke kwa sababu ameamua, si kwa sababu ya maji.

Lala, ndugu yangu. Acha mgongo upumzike, hata kama haukuwa unauma.

Kamaa wako