Bomba Linalolia Kama Risasi

Jumatatu, 10 Juni
Nimefungua kabureta tena, mara ya tatu. Imeliwa na kutu. Petroli inadondokea injini yenye moto. Furaha, mke wangu, ana mimba ya miezi tisa. Amani, mtoto wetu wa kwanza, alizaliwa kwa operesheni, na muuguzi wa hapa Kitshanga amesema wazi: huyu wa pili asizaliwe hapa. Hospitali iko mbali, ng'ambo ya bariere, kizuizi cha wenye bunduki. Madereva wameacha njia hiyo. Imebaki jeep yangu hii, ya marehemu baba.

Jumanne, 11 Juni
Kambale, muuza spea kutoka Butembo, ameniletea kabureta mpya na bomba la moshi. Si za jeep. Matundu ya bolti hayalingani. Nimekata bamba la aluminiamu, nimetoboa upya. Bomba refu mno. Msumeno, kisha kuchomelea. Imewaka! Nimecheka peke yangu.

Jumatano, 12 Juni
Siku mbaya. Nimeijaribu kwenye mteremko wa soko. Nilipoachia pedali ya mafuta tu, bomba likalipuka. Pa! Pa! Soko zima likakimbia. Mama mmoja aliwalalia watoto wake matopeni. Alipoinuka akaniambia, "Papa Amani, utatuua na woga mbele ya risasi kutufikia."
Aibu. Halafu woga. Wale wa bariere wakisikia hivyo watajibu kwa risasi. Furaha atakuwa kando yangu.

Alhamisi, 13 Juni
Petroli inaingia nyingi, haiungui yote, inamalizikia kuungua ndani ya bomba. Nimeweka kijitundu kidogo zaidi cha kupitishia petroli kwenye kabureta. Kiungio nimekiziba kwa bati la kopo la maziwa. Afadhali. Lakini bado inalipuka mara moja moja, bila hodi. Furaha anashika ukuta akipita. Anadhani simwoni.

Ijumaa, 14 Juni
Uchungu umeanza alfajiri. Tunaondoka. Amani yuko kwa shangazi yake. Nati inaniponyoka. Naogopa.

Jumamosi, 15 Juni
Tumepita. Niandike kabla sijaanza kudhani niliota.
Nilipoiona kamba ya bariere nilizima injini. Nikavua shati waone sina kitu. Nikasukuma, mkono mmoja kwenye usukani. Furaha alikuwa anauma kitenge. Bunduki tano zilitutazama.
Mkubwa wao akauliza, "Juu ya nini unasukuma?"
"Shefu, bomba iko nalia sawa risasi. Niliogopa mutatupiga."
Akamtazama Furaha na tumbo lake. Kisha akaita watu wanne. Wakatusukuma mpaka nyuma ya kona.
"Washia hapa," akasema. "Hata siye tunaogopaka."
Niliwasha. Ikalipuka. Nyuma yetu hakuna aliyejibu.

Jumatatu, 17 Juni
Msichana, hapa hospitalini. Furaha ameshonwa, anaongea kidogo. Mvua tangu asubuhi.
Mchana muuguzi aliangusha beseni. Nikajikuta chini ya kitanda. Mtoto hakushtuka, aliendelea kunyonya. Nilibaki sakafuni kidogo, nikimsikiliza anavyomeza.