Watu Kumi na Mmoja Juu ya Basi

Mabawa, Tanga
Alhamisi, 14 Novemba 1957

Kwa kaka yangu mpenzi Kristofa,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Maramba, pamoja na shemeji Yudith, watoto na Mama. Mama mwambie namwamkia sana, na dawa ya kifua aliyoiagiza nimempa dereva huyu huyu anayekuletea barua, nimeifunga kwa gazeti. Mimi mwili haujambo. Bado nahesabu marobota ya katani bandarini, mvua za vuli zimeanza, na chumba changu kinavuja pale pale unapopajua. Kuhusu mengine, nakuomba usome mpaka mwisho ndipo useme.

Barua yako ya wiki iliyopita niliipata. Uliandika kwamba mtu aliyeshika usukani miaka tisa hawezi kushika jembe akajiona mtu, na kwamba Jumamosi hii unashuka Tanga kumtafuta Noa umvunje vidole anavyopigia picha. Uliandika pia kwamba kikulacho ki nguoni mwako, ukapiga mstari chini yake mara mbili. Kaka, vidole vya Noa hutavikuta hapa. Kisasi chako nimekilipiza mimi, na nilikilipiza kwa raha zote.

Nianze nyuma kidogo, maana wewe baraza letu ulikuwa ukilicheka tu, ukituita wala vumbi. Tulikuwa watatu: mimi, Mselem fundi cherehani anayeshona viti vya mabasi, na Noa Msambaa, karani wa tiketi katika kampuni iliyokuwa yako. Jumapili nikitoka kanisani tulikaa kibarazani kwa Mselem, mkabala na kituo cha mabasi, tukabishana mpaka chai ipoe. Mselem akisikia basi linakuja hujua ni gia gani imeingia na dereva gani kaiingiza. Noa akitazama madirisha hujua bodi ile kaipigilia seremala gani. Sheria zetu nazo zilikuwa kali. Basi lililosimama ni nusu picha. Linalokwenda ndilo picha nzima, nalo lipigwe dereva asijue, kwa sababu dereva akijua hukaza shingo kama bwana harusi. Nyuma ya kila picha tuliandika namba ya gari, mahali, tarehe na jina la dereva, kisha ikaingia katika albamu moja iliyokaa dukani kwa Mselem. Watu wazima sisi, na tuliwahi kununiana siku tatu kwa sababu ya taa za mbele.

Mwezi wa sita ikajulikana kwamba kampuni inaleta mabasi matatu mapya ya kuzunguka mjini, kutoka Mabawa kupita Ngamiani hadi bandarini, na kwamba la kwanza utapewa wewe. Nilitembea mji mzima nikiwaambia watu wasiouliza. Meneja naye akasikia habari za albamu yetu, akamwagiza Noa ampelekee achague picha moja ya kutia kwenye kalenda. Noa akaipeleka Jumatatu. Jumanne ukaitwa ofisini, ukaonyeshwa kwa mbali picha ya basi lako likitoka Kigombe na watu kumi na mmoja wamekaa juu ya paa, ukaambiwa uache funguo mezani. Ulijitetea kwamba watu wale walikuwa wakiwahi mazishi Pangani na gari jingine siku ile halikuwapo. Meneja akakujibu kwamba picha haionyeshi mazishi yoyote. Na Noa, ulinisimulia mwenyewe, alisimama pembeni akitazama sakafu.

Albamu ile mimi naijua ukurasa kwa ukurasa. Picha ya watu juu ya paa haikuwamo. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi: Noa kaipiga kwa siri, kaichomeka njiani, ajipendekeze kwa Meneja. Nilimuuliza mara moja tu. Alisema, Timotheo, yamekwisha kutokea, usiyachimbe. Mtu asiye na hatia hujibu hivyo? Nikaapa moyoni kwamba nitamla nyama mbichi. Ila sikupigana naye. Nilicheka naye, nilikula naye ugali sahani moja, nikangoja miezi mitatu na zaidi, na kila nilipomwona ananyoosha tai yake ya ukarani niliwaza jinsi wewe unavyopalilia mihogo.

Mabasi yakafika mwisho wa Oktoba. Yalikuwa mazuri kaka, sitakuficha hata kwa kukupoza. Rangi ya maziwa, mstari mwekundu tumboni, pua hakuna, injini imekaa ndani kando ya dereva, na mlango wa kukunja ambao dereva anauvuta kwa mkono wa chuma bila kuinuka kitini. La kwanza kapewa mtu mmoja wa Muheza anayeiumiza gia mpaka meno yanakuuma wewe uliye nje. Meneja aliwaalika wakubwa wa mji, na kazi ya kupiga picha akampa Noa.

Sasa Noa haamini vidole vyake kutia filamu, hutoka jasho. Tangu zamani nilikuwa namtilia mimi, chini ya blanketi, dukani kwa Mselem. Wiki moja kabla nilinunua filamu, nikaenda nayo jaani wanakomwaga taka kwa mikokoteni, nikapiga picha zote nane: kunguru, maganda ya mafenesi, paka aliyekufa, na punda kwa upande wa nyuma, kwa karibu sana. Halafu nikaingia chini ya blanketi nikaikunja upya tangu mwanzo, nikabandika utepe wake kwa gundi kama imetoka dukani. Noa alipoleta kamera yake nikamtilia hiyo. Alinishukuru, akasema bila mimi angeaibika.

Picha zilisafishwa, zikapelekwa kwa Meneja katika bahasha, naye kwa majivuno akaifungua mbele ya wageni wake wakinywa chai. Picha zake zilikuwa zimeangukia juu ya zangu za jaani, wageni wakaona kunguru wamepanda mabasi mapya. Katika ile picha kuu, Meneja amesimama mbele ya basi la kwanza, mikono nyuma, na matako ya punda yamemkaa kifuani. Mhudumu wa ofisi aliyenisimulia alishindwa kumaliza kwa kucheka. Noa akasema hajui imekuwaje. Meneja akasema yeye anajua, ni dharau, na kesho yake Noa akaacha tai na funguo pale pale ulipoziacha zako. Siku ile nilinunua soda mbili nikazinywa zote mwenyewe, moja yangu na moja yako. Dawa ya moto ni moto, ndivyo nilivyosema.

Noa aliondoka Ijumaa iliyopita kurudi kwao milimani. Nilimsindikiza kituoni, nikambebea sanduku, si kwa huruma, bali nipate kumtazama vizuri. Kama barua ingeishia hapa ungefurahi, nami ningelala. Lakini Jumapili nilikwenda barazani, nikamsimulia Mselem mambo yote tangu jaani mpaka punda, nikingoja acheke.

Mselem hakucheka. Aliiachia cherehani isimame yenyewe. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba Jumamosi ile, siku mbili kabla ya albamu kwenda kwa Meneja, Noa aliipitia yote, akaitoa picha moja ya Kigombe na kuitia katika droo ya cherehani. Alisema Meneja akiiona ile, Kristofa hana kazi. Tena akamwomba Mselem asiniambie, kwa kuwa nitaona haya. Mselem akasema anachokijua ni hicho, ila jinsi picha ilivyotoka drooni ikarudi albamuni, mpaka leo haelewi.

Mimi nilielewa. Kesho yake, Jumapili ile kabla ya albamu kwenda kwa Meneja, nilifika dukani kabla ya wenzangu. Nilifungua albamu nikakuta ukurasa wa kwanza mtupu, mahali pa picha yangu nzuri kuliko zote. Nikapekua, nikaikuta drooni katikati ya vifungo. Nikasema huu ni wivu wa Noa, hataki picha yangu iingie kwenye kalenda. Nikairudisha mwenyewe, nikaipaka gundi pembe zote nne isitoke tena, wala sikumwambia mtu. Jumatatu Noa akaichukua bila kuifungua tena.

Hata hapo kaka sikukubali, maana picha yangu ilikuwa ya basi, haikuwa ya watu. Jumatatu niliomba ruhusa bandarini nikaenda kwa Meneja. Nikamwambia ile filamu ya punda ilikuwa yangu na Noa hana kosa. Akasema kiti cha Noa kimekwisha kupata mtu na yeye habadilishi makarani kwa ajili ya michezo ya wahuni. Nikamwomba nione picha iliyomfukuzisha Kristofa. Alinitupia, akaniambia nitoke nayo na nisirudi.

Ninayo hapa mezani. Niliipiga mimi, Kristofa. Nilikuja Kigombe siku ile bila kukuambia, nikajificha nyuma ya banda la nazi nikuvizie ukikata kona, nikupigie fremu iwe zawadi yako ya Noeli. Nimeitazama labda mara mia. Nimeona magurudumu yalivyolala, jua lilivyopasuka kwenye kioo, kiwiko chako dirishani. Juu ya paa sikuwahi kutazama. Sisi watu wa mabasi ndivyo tulivyo, tunaona bodi, hatuoni binadamu. Jana nimewahesabu, nao ni kumi na mmoja kweli, na mmoja wao amefungua mwavuli.

Wala hayo siyo mabaya kuliko yote. Gari lile mliliendesha madereva watatu kwa zamu, na uso wako hauonekani kwa jua la kiooni. Meneja asingejua ni nani kati yenu. Alijua kwa sababu aliibandua, akaigeuza, akakuta nyuma yake namba ya gari, Kigombe, tarehe, na jina lako lote, kwa wino na kwa mwandiko wangu. Chini yake nimeongeza maneno ambayo sheria yetu haikuyataka: huyu ni ndugu yangu.

Kikulacho uliyempigia mistari miwili ni mimi. Noa aliuona mwandiko ule siku ile ofisini, ndiyo maana alitazama sakafu. Angeweza kunitaja kwako, angeweza kunitaja kwangu, na angeweza kunitaja alipofukuzwa. Alinyamaza mara tatu. Na mimi niliyemlipa kwa jaa la taka nimebaki na hasira ile ile ya miezi mitatu, haijapungua hata kijiko, ila mtu wa kumpelekea sina. Nimemwandikia barua. Mahali hasa alipo huko milimani sikuambii mpaka nikuone umetulia.

Basi Jumamosi njoo kama ulivyokusudia. Usiende kituoni kuuliza watu, njoo Mabawa moja kwa moja. Nitakuwa chumbani tangu basi la kwanza la Maramba linapoingia, mlango wazi, na jirani nimemwambia kwamba akisikia kelele asiingilie, ni mambo ya ndugu. Nimepoteza kazi yako na kazi ya mwenzangu kwa mkono mmoja. Utakalolifanya ni haki yako.

Barua hii Mama usimsomee, mwambie tu dawa anywe asubuhi na jioni. Shemeji Yudith nampa pole nyingi, na watoto wasalimie mmoja mmoja kwa majina yao. Mselem anakusalimu, ingawa na mimi hasemi. Wa mwisho kukusalimu ni Noa. Alinipa salamu zako pale kituoni, mguu mmoja garini na mkono wake ndani ya wangu, akasisitiza nisisahau. Niliapa sitazifikisha. Ndizo hizo.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Timotheo