Mashine Zimeninyima Harusi ya Nuru

Dar es Salaam

Dada yangu Mama Eliya,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje na baridi ya huko Shume? Kabichi zimefunga? Mimi mzima wa mwili, ila roho haijatulia.

Nilikuandikia kwamba nakuja kumsindikiza Nuru kanisani. Sasa siji, dada. Usilie kwanza, soma.

Hapa hospitali mashine kubwa za kufulia zinanitii mimi. Sijisifu, muulize yeyote. Shuka zikishatakata kwa sabuni, ndipo naizimua klorini kwenye ndoo ya maji baridi, glovu mkononi, madirisha wazi, halafu naimimina. Kisha nasuuza mpaka harufu yote iishe, mgonjwa asije akawashwa. Wengine wanamwaga tu juu ya nguo, shuka zinatoboka. Mimi napima.

Basi nikapewa likizo, nikamwachia kazi Asha, mwenzangu wa zamu. Nikamwambia, "Klorini na dawa ya kutolea kutu havikutani kamwe." Akasema, "Nimesikia, mama, umeshanichosha." Nikiwa nafunga mzigo wangu, akaona madoa ya kutu kwenye shuka, akamwaga dawa ya kutu na klorini bado imo ndani ya mashine. Hewa iliyotoka humo, dada! Inakaba koo, inachoma macho. Nikaziba pua kwa kanga, nikamburuta Asha hadi uani, milango yote tukaiacha wazi. Anaendelea vizuri. Amelazwa wodini, juu ya shuka zangu mwenyewe.

Msimamizi akaifuta likizo. Nikamwambia, "Ndugu, ni harusi ya mwanangu wa pekee. Mwalimu yule!"

"Mama Nuru, si wewe unayesema kila siku mashine hizi hazimjui mtu mwingine?"

"Yale yalikuwa maneno ya kunywea chai."

"Sasa nikuruhusu, wagonjwa walalie nini?"

Nikaufungua mzigo wangu, nikarudi kwenye mashine. Tangu siku ile, kila mashine ikizunguka naona inanizungusha mimi. Mlango upo, na mimi siwezi kuupita. Msiahirishe lakini, mkwe wetu amepangiwa kituo cha kazi mbali na hawezi kungoja.

Dereva wa lori la mboga atakuletea kifurushi. Ni shela, nesi mmoja aliyeolewa nayo kanipa. Nimeifua kwa mikono, kwa sabuni peke yake. Mtu asiiguse kwa klorini, hata tone, kitambaa kile kitageuka njano. Mvalishe wewe. Na kiti cha mama kanisani usikiache wazi, kaa hapo.

Nisalimie shemeji, mume wako, na mama yetu mzee, umwambie shikamoo yake nadaiwa. Mchungaji naye mpe heshima zangu.

Watu watauliza kuhusu shela, maana Shume nzima haijaona weupe ule. Usiwaambie niko mbali. Waambie kaifua mama yake.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Nuru